Madarasa Yanapounganishwa kwa Mtandao, Kinachounganishwa ni Kazi

Hapa Mwanza, shule ikitangaza kwenye kikao cha wazazi kwamba darasa fulani litaunganishwa na darasa la nchi nyingine, maswali huanza kabla mwalimu mkuu hajakaa. Wazungu wanakuja lini? Watoto watapelekwa ng'ambo? Mwalimu wetu ataondolewa watoto wafundishwe na kompyuta? Umeme ukikatika je? Na mzazi aliyekaa nyuma kabisa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye swali zito, atauliza: mwanangu atakutana na nani huko mtandaoni?

Maswali yote hayo ni ya haki. Yanazaliwa na mkanganyiko mmoja: mambo matatu tofauti yanazungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Tuyatenganishe kwanza.

La kwanza ni masomo ya mtandaoni. Mwanafunzi anafungua somo lililoandaliwa na mtu mwingine, analitazama au kulisikiliza, anajibu maswali. Ndivyo watoto wengi duniani walivyosoma shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona. Maarifa hapo yanakwenda upande mmoja, kutoka kwa aliyeandaa hadi kwa anayetazama.

La pili ni udugu wa shule au wa miji. Mwanza inaujua vizuri: ina udugu na jiji la Würzburg la Ujerumani tangu 1966, na jiji la Tampere la Ufini tangu 1988. Udugu wa namna hii huleta wageni, mafunzo na miradi. Ni mzuri, lakini shule inaweza kuwa na shule ndugu miaka kumi bila wanafunzi wa pande mbili kufanya hata hesabu moja pamoja.

La tatu ndilo ninalotaka kulieleza hapa: ushirikiano wa madarasa. Madarasa mawili au zaidi yaliyo mbali yanafanya kazi moja ya somo, kwa muda uliopangwa, chini ya walimu wao wenyewe, na kila darasa linaleta kitu ambacho jingine haliwezi kukipata lenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo uti wa mgongo. Ikikosekana, kinachobaki ni watoto kupungiana mikono kwenye kioo cha simu, wakaimba wimbo mmoja, kisha kila mtu akarudi kwenye daftari lake kama alivyokuwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unahitaji fimbo.

Mara mbili kwa mwaka, Machi 20 au 21 na Septemba 22 au 23, jua la adhuhuri huwa juu ya ikweta sawasawa. Mwanza iko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi 2 na nusu hivi. Siku hiyo simamisha fimbo ya mita 1 kwenye uwanja wa shule, hakikisha imesimama wima kwa kuning'iniza kamba yenye jiwe pembeni yake, halafu weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache. Kivuli kitafupika, kifikie ufupi wake wa mwisho, kisha kianze kurefuka tena. Kwa hapa, ufupi huo wa mwisho hauji saa sita kamili kama wengi wanavyodhani. Unakuja kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kwa sababu saa ya Tanzania nzima inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko magharibi yake. Kivuli kitakuwa sentimita 4 na kitu, na kitalala kuelekea kusini. Hilo peke yake linatosha kuwafanya watoto wabishane mpaka kengele igonge.

Siku hiyohiyo, darasa la Tampere nalo linasimamisha fimbo ya mita 1, huenda kwenye theluji ambayo haijayeyuka kama ni Machi. Tampere iko nyuzi 61 na nusu kaskazini mwa ikweta. Kivuli chao cha adhuhuri kitakuwa karibu mita 1 na sentimita 84, kirefu kuliko fimbo yenyewe, na kitaelekea kaskazini.

Sasa tazama. Darasa la Mwanza likibaki na sentimita zake nne peke yake, halina la kufanya nazo. La Tampere vivyo hivyo. Zikutanishe namba hizo mbili, na unaweza kuipima dunia. Kila darasa linachora pembetatu ya fimbo na kivuli chake na kupima pembe ya juu kwa protrakta. (Kivuli chetu kinafaa kuchorwa ubaoni kwa ukubwa wake halisi, kwenye daftari kitakuwa kidogo mno.) Sisi tutapata nyuzi 2 na nusu hivi, wao 61 na nusu. Kwa kuwa vivuli vinaelekea pande zinazopingana, pembe zinajumlishwa: 64. Kisha mnapima kwenye ramani yenye skeli umbali wa kutoka kusini hadi kaskazini kati ya miji hiyo miwili, nao ni karibu kilomita 7,100. Ikiwa nyuzi 64 ni kilomita 7,100, nyuzi 360 za duara zima ni ngapi? Jibu linaangukia karibu kabisa na 40,000, na huo ndio mzunguko wa dunia unaopita kwenye ncha zake mbili.

Kosa la sentimita moja tu kwenye kivuli cha Mwanza linalisogeza jibu kwa kilomita 350 hivi. Mwalimu akiwaambia watoto "pimeni kwa makini" mara mia, hawatamsikia kama watakavyosikia siku watakapoambiwa na wenzao wa Tampere kwamba hesabu haikubali, rudieni kupima.

Aliyeanza kuipima dunia kwa njia ya vivuli ni Eratosthenes, mtaalamu aliyesimamia maktaba ya Alexandria huko Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Yeye alipima Alexandria, lakini alihitaji habari za mji wa pili, Aswan, ambako siku ya Juni jua linapofika mbali zaidi kaskazini kivuli kilitoweka kabisa adhuhuri. Kwa mji mmoja asingeweza. Aswan iko kando ya Mto Nile, na sehemu ya maji yanayopita hapo yametoka kwenye ziwa hili letu, Victoria, kupitia Jinja, Uganda.

Rudi sasa uangalie nini kilipita mtandaoni katika kazi hiyo yote. Namba, michoro miwili mitatu iliyopigwa picha, pengine sauti za watoto wakieleza walivyopima. Hakuna aliyehitaji projekta, wala maabara ya kompyuta, wala kumwona mwenzake uso kwa uso saa ileile. Imani kwamba bila video hakuna ushirikiano ndiyo iliyozuia shule nyingi kuanza, na si kweli.

Mawasiliano ya madarasa yako ya aina mbili. Kuna ya papo kwa papo, ambapo pande zote zipo hewani kwa wakati mmoja. Na kuna ya kupokezana, ambayo hufanana na mzigo unaotumwa kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja Mwanza: aliyetuma ameshakwenda shambani, mpokeaji atauchukua atakapofika bandarini, na mzigo haupungui chochote kwa kungoja. Video ya papo kwa papo inaweza kumeza GB 1 hivi kwa saa moja, na mtandao ukiyumba kidogo yote yanaharibika, watoto wanabaki wakitazama sura iliyoganda. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye WhatsApp haufikii MB 1. Jedwali la vipimo vya darasa zima ni dogo kuliko hapo. Kwa shule ya Misungwi au Ukerewe yenye simu janja moja, ile ya mwalimu, kupokezana ndiyo njia, na wala si njia ya wanyonge. Mtoto anayejua ujumbe wake utasikilizwa kesho anaufikiria, anauandika, anaufuta, anauandika tena. Kwenye video, mara nyingi anasema jina lake na umri wake kisha anacheka.

Video ina siku yake, hasa mwishoni, watoto wanapokuwa na jambo la kuzungumza. Siku hiyo angalieni saa mapema. Tanzania haibadilishi saa. Ufini hubadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo wakati wa majira yao ya joto saa ya Tampere ni sawa na ya Mwanza, na wakati wa baridi iko nyuma kwa saa moja. Japani iko mbele yetu kwa saa sita: saa nne asubuhi kwetu, watoto wao wako njiani kurudi nyumbani. New York iko nyuma kwa saa saba au nane kulingana na msimu, na wao wanaamka sisi tunapomaliza vipindi. Likizo nazo hazipatani. Yetu ndefu ni Juni na Desemba. Ufini hufunga mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na kufungua Agosti. Miezi inayotukutanisha vizuri ni Februari, Machi, Septemba na Oktoba, na bahati njema, siku zote mbili za fimbo zimo humo.

Wapo wanaodhani haya yameletwa juzi na simu janja. Katika miaka ya 1920 Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini kusini mwa Ufaransa, aliweka mashine ndogo ya uchapaji darasani. Wanafunzi wake wakachapa habari za kijiji chao na kuzipeleka kwa posta kwa darasa la pwani ya Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, ambalo nalo likajibu kwa habari za bahari na uvuvi. Mwaka 1988, Marekani na Urusi ya Kisovieti zikiwa bado zinatazamana kwa jicho la uadui, shule 12 za jimbo la New York na 12 za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta. Mpango huo ukazaa mtandao wa walimu uitwao iEARN, ambao upo hadi leo. Mwaka 1995 ulianza mpango wa GLOBE, ambamo wanafunzi hupima mvua, joto, udongo na maji na kuziingiza namba zao katika hazina moja inayotumiwa pia na wanasayansi. Mwaka 2005 Ulaya ikaanzisha eTwinning kwa ajili ya shule zake. Vyombo vimekuja na kupita. Skype, ambayo walimu wengi waliifanya mlango wao wa kutokea duniani, ilifungwa Mei 2025, na waliokuwa wameshikana kwa kazi wakahamia kwingine bila kupoteza kitu.

Tena darasa la mbali si lazima liwe la Ulaya. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu naona shule za ukanda wa ziwa zikitafuta marafiki ng'ambo ya bahari huku ng'ambo ya ziwa hawajui hata jina la shule moja. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na hakuna darasa la mji mmoja linaloweza kulijua lote. Mwaka 2020 maji yalipanda yakameza fukwe na nyumba katika nchi zote tatu. Aliyetazama mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga) wa mtaani kwake tu angeweza kudhani ni balaa la mtaa huo. Magugu maji nayo hayana pasi ya kusafiria. Upepo unayasukuma kutoka ghuba moja hadi nyingine, na yakiziba mwalo mmoja leo, wiki nyingine utayakuta kwingine.

Hebu fikiria darasa moja la Mwanza, moja la Musoma, moja la Kisumu na moja la Jinja, kila Ijumaa mchana yakiandika mambo matatu: maji yamefika alama ipi kwenye nguzo ya gati, magugu yapo au hayapo, na maji yana uangavu kiasi gani. Uangavu hupimwa kwa sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Unaishusha majini mpaka isionekane, unasoma kina. Njia hiyo imetumika tangu Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, alipoijaribu baharini mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa bado wanaitumia. Pimeni mkiwa juu ya gati, pamoja na mtu mzima, mtoto asiingie majini, maana kichocho kipo. Baada ya muhula mmoja madarasa hayo manne yatakuwa na picha ya ziwa ambayo hakuna hata moja lingeweza kuipata peke yake.

Kazi hiyo inaweza kufanyika kwa Kiswahili, na hapa kuna hofu nyingine ya kuondoa. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na walimu wengi wazuri hujiengua wakisema Kiingereza chao hakitoshi. Kisumu wanafunzi husoma Kiswahili kama somo la lazima. Hata kwa mtoto wa Tampere Kiingereza ni lugha ya kujifunza, kama kilivyo kwa mtoto wa Igoma, hapa Mwanza. Wote wawili wanapapasa, na mchoro wenye vipimo huwasaidia wote wawili. Isitoshe, nje ya Afrika Mashariki kuna wanafunzi wanaojifunza Kiswahili na hawana wa kuzungumza naye. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Kwa madarasa hayo, mtoto wa Mwanza ndiye mwenye mali.

Sasa swali la yule mzazi aliyekaa nyuma: mwanangu atakutana na nani? Katika ushirikiano uliopangwa vizuri mtoto hakutani na mtu yeyote peke yake. Darasa linaongea na darasa, na mlango ni walimu wawili wanaofahamiana. Umri wa chini wa kutumia WhatsApp ni miaka 13, kwa hiyo mtoto wa msingi hana sababu ya kuwa na akaunti yake kwa ajili ya mradi. Ujumbe unapita kwa mwalimu. Jina la kwanza linatosha. Jina la ukoo, namba ya simu, mtaa anaokaa, njia anayopita kwenda shule, hivyo havitumwi. Picha ya fimbo na kivuli ni bora kuliko picha ya sura. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha na sauti za mwanao ni taarifa zake. Shule ikikuletea karatasi ya ridhaa, isome, na uliza picha zitawekwa wapi, nani ataziona na zitafutwa lini. Ukijibiwa "usijali mama, ni mambo ya shule tu," usitie sahihi.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi ya yote. Ushirikiano wa madarasa si ufadhili, na siku unapogeuzwa ufadhili unakufa. Ujumbe wa kwanza unapobeba orodha ya mipira, madaftari na sare, mwalimu wa upande wa pili anaacha kuwa mwalimu mwenza, anakuwa mtoaji. Watoto wake wanajifunza kwamba Waafrika huomba. Watoto wetu wanajifunza kwamba sehemu yao duniani ni kushukuru. Nao walio ng'ambo wana kosa lao: huomba picha za watoto pekupeku, za paa lililotoboka, za mstari wa kisimani. Mwalimu wa Mwanza ana haki ya kukataa kwa adabu na kutuma kilichokubaliwa, yaani vipimo. Shule ina mahitaji, sikatai. Yana njia yake, kupitia kamati ya shule na halmashauri, kwa barua tofauti na kwa wakati tofauti. Mezani pa kazi, sentimita 4 za Mwanza zina uzito uleule na mita 1 na 84 za Tampere, na mtoto akishaona hivyo kwa macho yake anaongea na mgeni yeyote akiwa amenyoosha shingo.

Wapo walimu wa taaluma watakaosema muda uko wapi, mitihani inakaribia. Jibu ni kutochagua kitu cha pembeni. Pembe, uwiano, skeli, ramani, mizunguko ya dunia, vyote vimo kwenye mihtasari na vitafundishwa tu. Wiki nne zinatosha: moja ya kufahamiana na kukubaliana namna ya kupima, moja ya kupima, moja ya kukokotoa na kubishana, moja ya kuandika mlichokipata. Darasa likiwa limejaa, ligawe vikundi, kila kikundi na fimbo yake. Vikundi kumi vikileta vivuli kumi tofauti kidogo, tayari mna somo la wastani ambalo hamkulipanga. Wanaopima, wanaoandika na wanaorekodi sauti wabadilishane, la sivyo watoto walewale watatu wenye Kiingereza kizuri watakuwa ndio darasa zima.

Kuhusu umeme na kompyuta, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta katika baadhi ya shule za umma, na zikiwepo zitumike. Zisipokuwepo, simu ya mwalimu inatosha. Lakini bando lisiwe la mfukoni mwa mwalimu. Hapo ndipo miradi mingi hufia, wala si kwenye mtandao mbovu: mwalimu mmoja mwenye moyo anaanza, analipia mwezi wa kwanza na wa pili, anachoka, anahamishwa, na namba ya mwenzake wa ng'ambo inahama naye. Kamati ya shule iandike gharama ya bando kwenye bajeti kama inavyoandika chaki. Anwani ya barua pepe iwe ya shule, walimu wawili wajue nywila yake, na vipimo vya kila mwaka vinakiliwe kwenye daftari gumu linalobaki ofisini, ili darasa la mwaka ujao lilinganishe kivuli chake na cha waliotangulia.